Sanaa ya kuliwa: sahani inapopanda ukutani

Sebule nyingi za Lubumbashi, Kongo, ziliwahi kuwa na picha ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Chini yake watu wananawa, wanamega bukari (ugali), wanachovya kwenye sombe (kisamvu). Picha iko ukutani, chakula kiko mezani, na hakuna anayevichanganya.

Daniel Spoerri alivichanganya. Huyu alikuwa msanii wa Uswisi, mzaliwa wa Romania. Mwaka 1960 alichukua mabaki ya kifungua kinywa, yaani birika la kahawa, maganda ya mayai na vichungi vya sigara, akayagandisha kwa gundi kwenye ubao uliowekwa juu ya kiti, kisha akatundika kiti chote ukutani. Leo kiko katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Mwaka 1968 alifungua mgahawa mjini Düsseldorf, Ujerumani, na miaka miwili baadaye ukumbi wa maonyesho. Aina hiyo ya kazi aliipa jina la Eat Art, nasi tunaweza kuiita sanaa ya kuliwa. (Bukari lingegandishwa hivyo kwetu, panya wangelimaliza kabla ya wageni kufika.)

Si kila kazi yenye chakula inaingia humu. Makopo 32 ya supu aliyoyachora Andy Warhol mwaka 1962 ni picha za chakula tu, hayanuki, hayaozi. Katika sanaa ya kuliwa chakula chenyewe ndicho kazi, kwa hiyo kinaoza, kinaliwa au kinaisha. Dieter Roth alijaza jibini masanduku 37 ya safari mjini Los Angeles mwaka 1970. Harufu na nzi vikawa sehemu ya maonyesho.

Mwaka 1991 Felix Gonzalez-Torres alimwaga rundo la peremende kwenye kona ya ukumbi. Uzito wake ulipangwa uwe kama kilo 79, sawa na mwili wa mtu mzima mwenye afya, kwa kumkumbuka mpenzi wake Ross, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka huohuo. Mgeni anaruhusiwa kuchukua peremende na kuila. Rundo linapungua kama mgonjwa anavyokonda, kisha wenye ukumbi wanalijaza upya. Sisi ambao kwetu msiba haukosi sufuria jikoni hatuhitaji kuelezwa sana.

Tena Kiswahili kilishafika huko. Mtu hula kiapo, hula hasara, hula pesa za watu. Tukisema mkubwa fulani "amekula", hatuulizi kama mboga ilikuwa na chumvi. Kitenzi hiki kina mamlaka na dhuluma ndani yake, na kazi nzuri za sanaa ya kuliwa huuliza hilohilo: nani anakula, na nani analima? Ndiyo maana ile ndizi ya Maurizio Cattelan ya mwaka 2019, iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi, inanichekesha kuliko kunigusa. Mwaka 2024 moja ya nakala zake iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6, na mnunuzi akaila.

Lubumbashi swali hilo linajulikana tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, mfanyakazi alipopewa posho ya unga pamoja na mshahara: kampuni ilipima hata tumbo lake. Kazi inayolijibu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, inatoka mbali na sisi lakini ndani ya nchi yetu, Lusanga, mkoa wa Kwilu. Mji huo uliitwa Leverville, kwa jina la mwenye kampuni ya mafuta ya mawese. Tangu mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba hapo, katika kikundi kiitwacho CATPC, hufinyanga sanamu za udongo. Sanamu hupigwa picha za pande zote kwa kompyuta, na umbo lake hutolewa upya Amsterdam kwa chokoleti. Zimeonyeshwa New York mwaka 2017 na Venice mwaka 2024. Fedha za mauzo zinarudi Lusanga kununua ardhi iliyochoshwa na michikichi, na juu ya ardhi hiyo wanakikundi wanapanda chakula chao wenyewe.