Vepu si mvuke tu: maswali tunayoulizwa kliniki

Swali: Vepu ni nini?

Ni kifaa cha betri kinachopasha moto kimiminika hadi kivutike. Ndani mna nikotini, propilini glikoli, glisirini na vionjo vya embe, ndizi au tikiti maji. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Ndiyo maana kijana anayesema "navuta nikiboeka tu" huamka usiku wa manane kuitafuta chini ya mto.

Swali: Lakini daktari, si ni mvuke wa maji tu?

Hapana. Mvuke wa maji utaupata kwenye sufuria ya ugali. Wingu la vepu ni matone madogo mno ya kemikali yanayopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Koili, ule waya unaopasha kimiminika, ikipata moto huweza kuzalisha fomaldehaidi, kemikali ya sumu, na kuachia chembe za metali kama nikeli na risasi. Hapana, si maji.

Swali: Mwanangu ana miaka 16. Anakohoa, kifua kinambana, anasema ni mvuke tu utapita. Tungoje?

Msingoje! Kila Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, lawama zote hupewa baridi. Kijana ananyweshwa tangawizi na ndimu, anapakwa mafuta kifuani, ananunuliwa dawa ya kikohozi, na vepu bado iko mfukoni. Anapofika kwetu hawezi kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi. Akikosa pumzi au akiumwa kifua, mleteni leo, si Jumatatu. Kikohozi kikipita wiki mbili apimwe TB, awe anavuta au havuti. Katika hospitali za umma kipimo hicho ni bure.

Na daktari aambiwe kuhusu vepu. Mama, toka nje kidogo. Hakuna kijana atakayesema ukweli ukimkazia macho.

Mwaka 2019 hadi mapema 2020, zaidi ya watu 2,800 Marekani walilazwa au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vepu. Wengi walikuwa wamevuta vimiminika vyenye kemikali ya bangi. "Yangu haina bangi," utasema. Umejuaje, na uliletewa na boda?

Swali: Si inasaidia kuacha sigara?

Wapo watu wazima walioacha sigara hivyo. Wengi ninaowaona huvuta zote mbili. Na huyu wa Kidato cha Pili ambaye hajawahi kushika sigara, anaacha nini? Anayetaka kuacha kweli apige 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo.

Swali: Mbona zinauzwa?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007, kabla vepu hazijajaa mjini. Mswada wa kuirekebisha ulifikishwa Seneti mwaka 2024. Lakini hata iliyopo inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Simama kwenye kibanda chochote karibu na steji, dakika tano tu, uone inavyoheshimiwa.

Swali: Mtoto mdogo amekunywa kimiminika cha vepu. Tumpe maziwa?

Msimpe maziwa, wala msimtapishe. Nikotini ikimezwa ni sumu: mtoto hutapika, hutoka jasho, hupata degedege. Kimbieni hospitali hata kama bado anacheza, na mbebe ile chupa.