Kuukomboa Wakati Mbele ya Jirani

Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai: "Enendeni kwa hekima mbele yao walio nje, mkiukomboa wakati" (Wakolosai 4:5). Waraka kwa Waefeso una maneno yanayokaribiana na hayo (5:15-16), na makanisani mwetu ndiyo yanayohubiriwa zaidi, pengine kwa sababu yanamwachia msikilizaji aipime ratiba yake mwenyewe, kimya kimya, pasipo shahidi. Mimi, ninayefundisha makatekista hapa Unguja, huanza na Wakolosai, kwa kuwa aya hiyo inawataja mashahidi. Walio nje ni majirani wasio wa imani yetu, na katika visiwa hivi, ambako walio wengi sana ni Waislamu, Mkristo anaishi nao mlango kwa mlango nao wanaziona saa zake zinavyokwenda.

Tutazame maziko. Jirani Muislamu akifariki usiku, kwa kawaida huzikwa kesho yake, mara nyingi baada ya sala ya Adhuhuri au Alasiri, kwa kuwa dini yake inahimiza maiti asicheleweshwe. Mkristo aliyezoea misiba yetu, ambayo aghalabu husubiri ndugu wavuke kutoka Bara, akijiambia kwamba atamaliza kwanza shughuli zake ndipo aende, atakutana na watu njiani wakirudi makaburini. Huruma anayo, lakini imefika saa ambayo haimfai tena mfiwa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anaponieleza kwamba amejiwekea saa kadhaa za maombi kila siku, humsikiliza kwa furaha, kisha humuuliza ni nani mtaani kwake anayemngoja tangu wiki iliyopita.

Jambo hilo linatupeleka kwenye ahadi. Yakobo anawakemea wanaosema kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani, wafanye biashara na kupata faida, ilhali hawajui yatakayokuwako kesho. Anawataka waseme, "Bwana akipenda" (Yakobo 4:13-15). Sisi tulio Zanzibar tunayasema maneno ya namna hiyo mara nyingi kwa siku, na ni adabu njema inayotuunganisha na jirani zetu. Lakini Yakobo aliyakusudia yawe breki ya majivuno ya mfanyabiashara, na fundi Mkristo anayemwambia mteja, "Mungu akipenda Ijumaa itakuwa tayari," hali anajua wazi kwamba mbao hata hajazinunua, amelibebesha jina la Mungu uzembe wake. Anapoteza muda ambao si wake. Kwa maoni yangu huo ndio upotevu mzito zaidi, kuliko hata usiku unaoishia kwenye simu, ambao kila mtu anaujua na sina haja ya kuueleza.

Wengine, wakilikimbia kosa hilo, huangukia upande wa pili, wakaamini kwamba hekima ya wakati ni kuijaza siku mpaka isibaki nafasi. Injili haiungi mkono wazo hilo. Yesu aliposikia kwamba Lazaro ni mgonjwa, alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa, kisha wanafunzi walipohofia kurudi Uyahudi, akawauliza, "Je! Saa za mchana si kumi na mbili?" (Yohana 11:9). Msomaji wa hapa hahitaji kufafanuliwa saa hizo, kwa kuwa sisi nasi tunahesabu tangu mapambazuko, na kwa ukaribu wetu na ikweta mchana wetu haupungui wala hauzidi sana mwaka mzima. (Ndiyo sababu pia wale vibarua wa Mathayo 20 walioajiriwa saa kumi na moja hawatupi taabu: tunajua kwamba Magharibi ilikuwa inaingia.) Mchana una saa za kutosha kwa kazi aliyopewa mtu na Baba, wala hana haja ya kuzikimbiza. Katika Marko 5 Yesu yuko njiani kwenda kwa binti Yairo aliye mahututi, lakini anasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Mtu ambaye kila dakika yake imekwisha kugawiwa angempita mwanamke yule.

Kuhusu mapumziko, nawasihi wasomaji wasiishie kwenye Kutoka 20, bali wasome na Kumbukumbu la Torati 5:14-15, kwa maana hapo Mungu anaagiza mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao, na sababu anayoitoa ni kwamba Israeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, na hali ya utumwa ikaja kufutwa kisheria mwaka 1897. Mtumwa hakuwa na saa aliyoweza kuiita yake. Ndiyo maana naona ni aibu kubwa Mkristo kutoka nyumbani Jumapili akiwa na Biblia mkononi, huku dada wa kazi amebaki jikoni tangu alfajiri, naye hana siku hata moja ya kwenda kusali au kulala tu.

Ugumu mkubwa zaidi wa hapa ni wa vijana wetu wa hotelini, Nungwi, Kiwengwa, Paje na kwingineko, ambao kazi yao ni ya zamu na Jumapili kwao ni siku kama nyingine. Ninachowashauri ni waiulizie orodha ya zamu mapema, waichukue siku yao ya mapumziko, hata ikiwa Jumanne, kuwa siku ya Bwana kwao, na wasiiuze kwa zamu ya ziada isipokuwa kwa dharura ya kweli. Jumuiya nazo zihamishe baadhi ya ibada za nyumbani ziwe jioni za katikati ya wiki, kwa sababu kumdai kijana aje kanisani Jumapili saa tatu asubuhi, hali tunajua kwamba saa hiyo anawaandalia wageni chai, ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi hata kwa kidole.