Mlikata au mlipogoa?

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa Ngamiani, fundi seremala, penseli sikioni, matundu yote mawili ya pua yameziba, hanusi hata mchuzi wa papa. Vinyama vya puani alishafanyiwa upasuaji mara mbili.

"Daktari mwanangu, kwani kule mlikata au mlipogoa?"

Tulipogoa, Mzee. Ukivimulika, vinyama hivi ni kama shokishoki lililomenywa: vyeupe-vyeupe, vinang'aa, ukivigusa haviumi. Kisu huondoa tunda. Seli za chini kabisa za utando, zile zinazozaa utando mpya, hubaki, na zina kumbukumbu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata zikioteshwa maabara, mbali na pua, bado hubeba athari za interlukini-4 na interlukini-13, kemikali zinazochochea uvimbe.

"Basi vinasaba vyangu vimeharibika?"

Nikamwonyesha penseli yake. Ubao ni uleule. Alama ndiyo inayosema kata hapa, hapa acha. Epijenetiki ni hizo alama.

Chukua jeni iitwayo PLAT. Hutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kuyeyusha nyuzi za fibrini, protini inayogandisha damu. Kwenye vinyama, sehemu ya kuiwashia imekutwa na alama za methili, vijikemikali vinavyobandikwa juu ya jeni, kupita kawaida, na kimeng'enya chenyewe ni haba. Fibrini hujazana na kushika maji kama dodoki. Ndipo unapopata lile shokishoki. (Sisemi methili peke yake ndiyo mchawi. Pumu na kutopatana na aspirini navyo vimo.)

Halafu kuna histoni. DNA ya seli moja ukiinyoosha hufika kama mita 2, nayo huzungushwa kwenye protini hizo kama kamba ya mkonge kwenye kigogo. Ikilegea, jeni husomeka, ikikazwa, hunyamaza. Steroidi ya kupuliza puani, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na kazi zake nyingine, huleta kimeng'enya kinachokaza kamba palipo na jeni za uvimbe. Wengi huiacha wiki ya kwanza, kabla haijaonyesha nguvu zake zote, kisha wanailaumu dawa!

Kinyama cha upande mmoja tu ni habari nyingine: hicho tunakichunguza kwanza kama si saratani.

Mzee tukampima mkao: kichwa kiiname kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, usilenge ukuta wa katikati, usivute kwa nguvu. Akachomoa penseli, akaandika kwenye boksi la dawa: KULIA KWA KUSHOTO.