Tepu haishiki waya jamani

Juzi nimeambiwa tena, na ni mara ya tatu mwezi huu, "fundi we zungusha tepu nyingi tu hapo, itakaa". Aliyesema ni mama mmoja wa Langoni hapa Lamu, mtu mzima wa heshima zake, na wala simlaumu, ndivo alivoambiwa na aliyempigia waya mwanzo. Lakini mi nshachoka kuisikia, kila nyumba nikiingia ni tepu tepu tepu, kwa hivo leo naiandika yote, kwa nini waya za stima haziungwi kwa tepu.

Kazi ya tepu ni kuzuia mkono wako usiguse kopa, ile shaba ya ndani ya waya, basi. Jointi, yani pale waya zinapoungana, inakuwa jointi kwa kopa kubanwa na kopa, skrubu ama springi ya konekta iikamate mpaka ukivuta haitoki. Ukisokota waya mbili kwa vidole alafu ukazungusha tepu raundi 20 zile waya ndani bado zinagusana kwa sehemu ndogo tu, na stima ikilazimishwa kupita mahali pembamba inatoa joto, joto linalegeza jointi, ikilegea inazidi kupata moto, mpaka siku yake ifike.

Tupige hesabu. Birika la stima la wati 2,000 kwa volti 240 linavuta ampia 8 na kitu. Jointi mbovu yenye ukinzani (ule ugumu wa stima kupita) wa nusu omu tu hapo inatoa wati kama 35. Chuma cha lehemu cha fundi redio ni wati 30, 40. Yani kila ukichemsha maji ya chai umewasha chuma cha lehemu ukakiacha kimelala juu ya boriti!

Huyo mama aliniita kwa sababu ya harufu. Siku tatu nyumba yanuka ng'onda, ameosha jikoni, ametafuta panya aliyekufa, hakuna, akanambia "mwanangu, ng'onda sina humu ndani". Wengi hawajui kwamba plastiki za vifaa vya stima zikipata moto sana zinaweza kunuka samaki hivo hivo. Nikazima meinswichi nikapanda juu chini ya makuti, nikaikuta, donge la tepu nene kama ndimu. Gundi yake imeyeyuka imechuruzika kama asali. Nikaipasua kwa kisu, ndani ile plastiki ya waya imekauka imekuwa ya kahawia, ukiigusa yavunjika kama gamba la yai, na kopa yenyewe upande mmoja nyeusi upande mmoja kijani kwa hii chumvi yetu ya bahari, maana tepu haizuii hewa. Plastiki ya waya wa kawaida wa nyumba imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70, hapo zilipita zamani. Kutoka lile donge mpaka makuti ni shibiri moja. Shibiri moja, na watoto wamelala chini yake.

"Lakini fundi si kuna breka, itakata." Haikati! Breka inahesabu ampia zinazopita, na hapa zapita 8 kwa breka ya 20, kwake yeye kila kitu sawa. Jointi inaweza kuungua mpaka iwe mkaa breka imetulia tu.

Sasa inavotakikana ni hivi: konekta ya skrubu ama ile ya kubana yenye kijiti cha kuinua, iwe ya saizi ya waya wako, uchune kopa kiasi kilichoandikwa kwenye konekta yenyewe (nyingi za kijiti ni milimita 11) isibaki kopa yoyote nje, alafu uvute kila waya mmoja mmoja. Yote iingie ndani ya jankishen boksi, lile boksi la kuungia waya, lenye kifuniko, na waya ushikwe na klipu ukutani ili jointi isiwe ndo inabeba uzito.

Mengine nayapitia haraka. Kuna wanaotia jointi ukutani alafu wanapiga plasta juu ati imelindwa. Imezikwa, haikulindwa, siku ikilegea utabomoa ukuta wa mawe ya babu yako kuitafuta. Kuna wanaolehemu ncha za waya wa nyuzinyuzi kabla ya kuzitia kwa skrubu na wanajivunia, sasa lehemu ni laini, ikibanwa inajongea polepole na baada ya muda skrubu imelegea yenyewe, tumia kile kikofia cha kubana ncha. Kopa na alumini usizisokote pamoja kabisa, hasa huku pwani, zinalana, zina konekta zake maalum.

Na hii ya "nyutro haina neno", yani ule waya unaorudisha stima. Nyutro ikiachia kwenye jointi na taa iko on, ule upande wa taa wote unakuwa na stima, ukishika unakupiga kama laivu, waya unaoleta stima. Rangi nazo usiziamini kwa macho, nyumba za zamani nyekundu ni laivu na nyeusi nyutro, mpya ni kahawia na bluu, na nyumba nyingi hapa zina zote mbili zimeungana kwa boksi moja, pima kwanza. Ardhi, ile ya kijani na njano, nayo iungwe kama wenzake, si kukunjwa pembeni.

Fundi muulize leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, si matusi kumuuliza. Na akimaliza mwambie asifunge boksi kwanza, meinswichi ikiwa bado imezimwa na ashapima mbele yako, vuta waya kwa mkono wako, waya ukitoka mwambie arudie na pesa ikae mfukoni mpaka usitoke.