Maji ya ngamani si ya kuachwa

Wenye mashua na madau wengi huamini kwamba maji kidogo yakituama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, hayana neno, tena yanasaidia mbao zisikauke zikaachia. Hoja hii ina chembe ya ukweli: chombo kilichokaa juani muda mrefu hupasuka viungo, na kikishushwa huvuja mpaka mbao zivimbe. Lakini mbao za chini huloweshwa na bahari yenyewe kutoka nje. Dimbwi la ndani halihitajiki.

Linalosahaulika zaidi ni maji ya mvua. Watu huyadharau kwa kuwa hayakuingia kwa tobo, kumbe ndiyo yanayoozesha. Chumvi huzuia kuvu wa ubao. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huwakaribisha, hasa pale taruma (ubavu wa chombo) linapokutana na mkuku (uti wa chini wa chombo), mahali pasipopata upepo. Choma hapo kwa ncha ya kisu: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao umekwisha.

Kuna uzito pia. Maji ya kina cha sentimita 5 kwenye sakafu ya mita 2 kwa 1 ni lita 100, takriban kilo 100, na hayatulii. Chombo kikilala upande, nayo hukimbilia huko huko na kukilaza zaidi.

Kwa hiyo yaonje kwanza. Ya chumvi yakizidi kila siku, tafuta panapohitaji kalafati, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba na mafuta. Kisha fua maji yote, yaani yachote uyamwage nje, zibua matundu yaliyo chini ya mataruma, ambayo mara nyingi huzibwa na magamba ya samaki, na uinue mbao za sakafu hewa ipite.