Rafiki Anaposikiliza Simu ya Rafiki

"Marekani na Ujerumani si marafiki? Sasa kusikilizana simu kwa nini?" Swali hili hunijia kila mwaka ninapofundisha mahusiano ya kimataifa hapa Dodoma, na hakosi mmoja wa nyuma kunong'ona: kwani mke na mume hawapekuliani simu?

Si jibu baya. Adui unajua atapinga. Rafiki ndiye hujui atakubali mpaka wapi mkikaa mezani kujadili biashara au vikwazo, na hicho ndicho kinachowindwa. Tena hakuna mkataba wa dunia unaokataza moja kwa moja ujasusi wakati wa amani.

Habari kwamba Marekani ilikuwa ikisikiliza simu ya Angela Merkel, aliyekuwa kansela (kiongozi wa serikali) wa Ujerumani, zilitoka Oktoba 2013, miezi michache baada ya Edward Snowden kuvujisha nyaraka za NSA, shirika la Marekani linalonasa mawasiliano, ambalo aliwahi kulifanyia kazi. Merkel alimpigia Barack Obama, akasema pia hadharani kwamba marafiki hawapelelezani. Ikulu ya Marekani ikajibu: hasikilizwi, wala hatasikilizwa. Tafuta "hakusikilizwa" katika jibu hilo, huipati. Taarifa za kidiplomasia husomwa hivyo, kwa nyakati za vitenzi.

Hasira ya maneno ni rahisi, tazama hatua. Dilma Rousseff, aliyekuwa rais wa Brazili, naye akiwa amelengwa na NSA, aliahirisha ziara yake rasmi ya Washington. Brazili na Ujerumani zikapeleka Umoja wa Mataifa azimio la kulinda haki ya faragha, likapita Desemba 2013. Julai 2014 Ujerumani ikamtaka mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mjini Berlin aondoke. Lakini jalada la uchunguzi wa simu ya Merkel lilifungwa na waendesha mashtaka wa Ujerumani Juni 2015 kwa kukosa ushahidi wa kusimama mahakamani, na mwaka huohuo ikafichuka kuwa majasusi wa Ujerumani nao walikuwa wakiwapeleleza washirika wao. Sauti ikapungua.

Kwetu Afrika mambo yalikuwa ya kimya zaidi. Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikihamishwa kila usiku kwenda Shanghai. Jengo hilo lilijengwa na China kama zawadi. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja wenyewe wakakanusha. Hakufukuzwa mtu, haikuahirishwa ziara. Nami sishangai: aliyekujengea nyumba bure ni vigumu kumuuliza kama alibaki na funguo.