Kabla Hujarudi Chuo: Kwa Muuguzi wa Diploma Anayetaka Shahada

Wauguzi wengi wa diploma nchini Tanzania wanaotaka shahada hukwama kabla hata ya kuingia darasani. Jina kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kwenye leseni, barua ya ruhusa imekaa mezani kwa mtu miezi minne, au rosta ya wodi haijui kuna mtu anasoma. Mambo haya yana dawa, ila dawa yenyewe inataka muda. Mwaka wowote wa masomo unaolenga kuanza, anza kushughulika angalau mwaka mzima kabla.

Anzia kwenye cheti cha kidato cha nne, maana ndicho kinachowashangaza wengi. Ili udahiliwe diploma ya uuguzi na ukunga ulihitaji kufaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vilihesabiwa kama nyongeza tu. Shahada haina huruma hiyo. Kigezo kinachotumika sana kwa mwenye diploma ni GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B, na juu yake alama isiyo chini ya D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa hiyo mtu mwenye miaka kumi kazini, aliyemaliza diploma kwa GPA ya 3.8, anaweza kukataliwa na mfumo ndani ya dakika moja kwa sababu ya F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Vigezo hutofautiana kidogo kati ya chuo na chuo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na upo wa pekee kwa waombaji wenye diploma. Soma huo, usisome wa kidato cha sita, na usome mstari wa programu yako kwa jina lake kamili.

Ukikuta F ya Hisabati au Kiingereza, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo haya mawili hayana maabara, kwa hiyo unaweza kujiandaa nayo huku ukiendelea na kazi. Usajili wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani hufanyika Novemba, na matokeo hutoka baada ya mwaka mpya. Piga hesabu: ukijisajili Januari hii, utaomba chuo katikati ya mwaka unaofuata. Ni karibu miaka miwili hadi kukaa darasani, na ndiyo maana hatushauri mtu asubiri hadi dirisha la udahili lifunguliwe ndipo afukue vyeti vyake.

Halafu majina. Cheti cha NECTA kinasema Neema Juma Hassan, cheti cha diploma kinasema Neema J. Hassan, leseni na barua ya ajira zinasema Neema Hassan Mwakalinga kwa sababu katikati hapo kulikuwa na ndoa. Kwa binadamu ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu watatu. Chuo hufuata jina la NECTA, kwa kuwa matokeo huvutwa kwa namba ya mtihani, na shahada yako itatoka kwa jina hilo. Tatizo litakuja baadaye, utakapompelekea mwajiri shahada yenye jina asilolijua. Kama jina lilibadilika, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati ina nguvu kuliko kiapo cha mahakamani peke yake. Ishughulikie sasa, upeleke nakala kwa mwajiri na kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, ili majalada yote yawe yanazungumza jambo moja.

Mwenye diploma haombi chuo kikuu kwa cheti kitupu. Anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Waliomaliza karibuni huipata haraka kwa sababu matokeo yao yako kwenye mfumo tayari. Waliosoma kwa mtaala wa zamani, kabla ya ngazi za NTA zinazotumika sasa kwa tuzo za vyuo hivyo, wajiandae kuwasilisha cheti na orodha ya matokeo kwa uhakiki, na wasingoje wiki ya mwisho. Maombi yenyewe hupelekwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kila chuo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa msimbo kwenye simu, na lazima uthibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi hapa: laini waliyojazia fomu imefungwa, au fomu alijaza kijana wa stationeri na akaweka namba yake mwenyewe.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, vyuo vinavyofahamika zaidi kwa shahada ya uuguzi ni MUHAS pale Upanga na Chuo Kikuu cha Kairuki, Mikocheni. Programu ya kawaida ni ya miaka minne, na mwenye diploma huanza mwaka wa kwanza kama aliyetoka kidato cha sita. Usiweke matumaini kwamba uzoefu wako utakupunguzia mwaka. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa na programu fupi zaidi iliyotungwa mahsusi kwa wauguzi waliosajiliwa walioko kazini. Ukiitaka, hakikisha kwanza kama inapokea wanafunzi mwaka huo. Kuhusu shahada za mtandaoni za nje ya nchi, tahadhari: hata kama chuo ni halali, shahada ya uuguzi isiyo na mafunzo ya wodini yanayoweza kuthibitishwa itakupa taabu kubwa mbele ya Baraza. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza TCU kama chuo na tuzo vinatambuliwa.

Sasa ruhusa, ambapo ndipo penye uzito wote. Kwanza jua mwajiri wako ni nani kisheria. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, ziko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya halmashauri, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Barua hupita kwa inchaji wa wodi, kwa metroni ambaye ni mkuu wa wauguzi, kwa Mganga Mfawidhi anayeongoza hospitali au kituo, ndipo ifike kwa mwenye mamlaka ya kuruhusu. Neno la metroni la "nenda tu mwanangu, tutakuficha kwenye rosta" si ruhusa, hata lisemwe kwa upendo kiasi gani. Kutoonekana kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano kunatosha kufunguliwa mashtaka ya nidhamu na kupoteza ajira.

Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Septemba na barua ya udahili mkononi limechelewa. Ukipewa barua, isome mstari kwa mstari: jina la programu, jina la chuo, tarehe ya kuanza na kumaliza, kama mshahara unaendelea, nani analipa ada, na unatakiwa kutumikia muda gani ukirudi. Barua ya miaka mitatu kwa programu ya miaka minne itakufungia mshahara ukiwa unaanza mwaka wa mwisho.

Aliye hospitali binafsi hana sheria ya kumbeba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, ya ugonjwa na ya uzazi. Likizo ya masomo haimo. Ni makubaliano, na makubaliano yaandikwe.

Kuhusu fedha, usiitegemee Bodi ya Mikopo. Vigezo vyake kwa shahada ya kwanza vinamtaka mwombaji asiwe na ajira inayompa kipato, na umri pia una kikomo. Kama mwenzi wako au wewe mna deni la zamani la Bodi, kumbukeni makato ya asilimia 15 ya mshahara yanaendelea. Kwenye bima kuna nafuu ndogo: ukiwa tayari na kadi ya NHIF kupitia mwajiri, ionyeshe chuoni ili usilipishwe bima ya mwanafunzi.

Tuje kwenye saa, kwa maana hapa ndipo wanaosoma huku wakifanya kazi huanguka. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, wodi, maabara na kujisomea. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 34 za mihula miwili, unapata kama saa 35 kwa wiki. Wiki ya kazi kisheria hufika saa 45. Jumla ni saa 80, bado hujapanda daladala ya Gongo la Mboto. Hakuna ujanja unaofuta hesabu hiyo. Programu ya kutwa inataka likizo ya masomo, au kazi ya saa chache kwa wiki, au zamu za mwisho wa wiki peke yake. Anayejaribu kutoka zamu ya usiku na kuingia kipindi cha biokemia asubuhi huweza mwezi mmoja, kisha huanza kukosea mahali ambapo hapana nafasi ya kukosea, kwenye sindano za wagonjwa.

Tena, zamu zako za kazini hazihesabiwi kama mafunzo ya vitendo. Utakwenda wodini kwa sare ya mwanafunzi, chini ya msimamizi wa chuo, na kitabu cha mazoezi kinachosainiwa siku ileile. Ukipangwa hospitali ya Mloganzila nawe unaishi Mbagala, panga usafiri wa alfajiri mapema.

Muhula wa kwanza ndio wenye sapu, yaani mitihani ya marudio, nyingi kwa wauguzi wazoefu, na haziji kwenye uuguzi. Zinatoka kwenye biokemia, fiziolojia na takwimu. Mkongwe wa wodi anajua potasiamu ikishuka moyo unapata shida. Mtihani unamtaka aeleze chaji inapitaje kwenye utando wa seli. Kuandika nako ni mtihani wa peke yake. Mkono uliozoea ripoti ya zamu, "hali ya wastani, vaitali zimechukuliwa, aendelee na dawa," unatakiwa sasa kuandika kurasa tano za hoja kwa Kiingereza, kila dai likiwa na rejea. Kunakili kazi ya mtu kwa kuchoka kunahesabiwa wizi wa kitaaluma, na adhabu yake yaweza kuwa kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Miezi mitatu kabla ya kuanza, rudia kemia ya kidato cha tatu na cha nne, na jizoeze kuandika ukurasa mmoja kila wiki.

Leseni yako isife ukiwa masomoni. Endelea kukusanya pointi za mafunzo endelevu na kuihuisha kwa wakati. Ukimaliza shahada, mlolongo una mpangilio wake: Baraza kwanza, mwajiri baadaye. Waulize Baraza kwa maandishi mapema, ukiwa mwaka wa tatu, ni matakwa gani ya usajili yanakuhusu wewe uliyesajiliwa tayari, ikiwemo utarajali (mazoezi ya kazi baada ya masomo) na mtihani wa leseni.

Serikalini, mwenye diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi, na kwa daraja la II, ngazi za mshahara wa watumishi wa afya ni TGHS B kwa wa kwanza na TGHS C kwa wa pili. Kuvuka hapo ni kubadilishiwa kada, na hufanyika pale nafasi inapokuwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti ya mwaka husika. Aliyepanda madaraja mengi kwa diploma huingia kada mpya kwa daraja la kuanzia, na mshahara wa daraja hilo unaweza kuwa chini ya anaoupokea. Ikiwa hivyo, barua yako ya kubadilishiwa kada inapaswa kutaja kwamba utaendelea na mshahara wako wa sasa kama mshahara binafsi. Kama haikutaja, usisaini kuipokea kabla hujamwona afisa utumishi.